Ufukweni Meksiko, watu wanane: mwongozo kamili kuanzia mchango hadi maji ya chumvi

Tulipoanza kuzungumzia Cancún kwenye grupu letu la WhatsApp tulikuwa watu kumi na wanne, na wote kumi na wanne waliandika "nipo". Mmoja akaongeza vikatuni vya moto na mcheza dansi. Nilipoomba dola mia mia za kishika uchumba, grupu likapoa kama uji wa jana. Tiki za bluu, kimya. Wiki mbili baadaye tulikuwa wanane, na hao wanane ndio waliopanda ndege.

Nimeandaa safari hii mara tatu sasa, nikitokea Houston. Ya kwanza iliharibika, ya pili ikawa nusu kwa nusu, ya tatu watu bado wananiuliza tunarudi lini. Bahari ni ileile mara zote tatu. Kilichobadilika ni yale tuliyoyamaliza kabla hatujafunga mabegi, kwa hiyo usishangae mwongozo wa ufukweni ukichelewa kufika majini.

Hatua ya kwanza: hesabu waliolipa, si walioitikia

Usiulize "nani anataka kwenda?" Kila mtu anataka kwenda. Weka tarehe mbili za kuchagua, kiasi cha kianzio na siku ya mwisho ya kukilipa. Siku hiyo ikipita, funga orodha na ufungue grupu jipya la waliolipa tu. Utaonekana una roho mbaya kwa siku tatu hivi, kisha watakushukuru.

Kabla hujapokea senti, andika sharti la kujitoa na ulibandike juu ya grupu. Letu lilikuwa hivi: ukijitoa baada ya nyumba kulipiwa, sehemu yako hairudi mpaka wewe mwenyewe umtafute wa kuziba nafasi, na huyo tumkubali wote. Lisipoandikwa mapema, mtu atakuja na hadithi ya kweli kabisa, mama anaumwa au kazi imekwisha, nanyi mtabaki mnachagua kati ya urafiki na kodi ya chumba.

Wanane ni idadi nzuri. Mnaenea kwenye gari moja kubwa, mnapata nyumba ya vyumba vinne, na hata wawili wakinuniana bado mnabaki sita wa kucheka. Mkizidi kumi, kila chakula cha jioni kinageuka kikao cha harusi.

Hatua ya pili: karatasi za kila mmoja, moja baada ya nyingine

Hapa usikubali jibu la "mimi niko sawa". Omba kuona.

Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo inahitaji viza ya Meksiko. Lakini mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au mwenye ukaazi wa kudumu wa nchi hizo, anaingia kwa utalii bila viza ya Meksiko. Kwa sisi tulioko Marekani na grinikadi, hiyo ndiyo njia, na grinikadi yenyewe inasafiri mfukoni, haibaki kwenye droo. Kila mmoja afungue ukurasa wa ubalozi mdogo wa Meksiko ulio karibu naye na asome kinachohusu hali yake kabla ya kukata tiketi.

Wa kuangalia kwa makini ni yule ambaye karatasi zake Marekani bado ziko njiani. Aliyeomba grinikadi na bado hajajibiwa, akitoka nje bila kibali cha kusafiri, kwa kawaida ombi lake linahesabiwa ameliacha. Rafiki wa namna hiyo aongee na mwanasheria wake kwanza, na nyie msimsukume. Wiki moja ya mchanga mweupe haina thamani hiyo.

Anayewafuata kutoka Dar au Nairobi, naye hana viza yoyote kati ya hizo, aanzie ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi. Akumbuke pia kwamba kubadili ndege Marekani kunahitaji viza ya Marekani hata kama hatoki uwanjani. Ndiyo maana wengi hupitia Ulaya au Istanbul.

Dirishani, ofisa anaweza kuwapa hadi siku 180, ila idadi anaiamua yeye. Angalieni alichoandika kabla ya kuondoka hapo. Shikeni tiketi ya kurudi na anwani ya mnapofikia, zikiwa kwenye karatasi kwa sababu simu huzima pale pasipotakiwa. Na sigara za umeme acheni nyumbani: Meksiko imepiga marufuku kuziingiza nchini.

Hatua ya tatu: mwezi wa kwenda

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Julai. Tulifika usiku tukalala na hamu, asubuhi tukashuka ufukweni kwa mbio, na pale kwenye ukingo wa maji tukakuta tuta la majani ya kahawia lenye kimo cha goti, linanuka kama mayai viza. Mhudumu mmoja alikuwa anayasomba kwa uma wa shambani, anajaza toroli, na kila wimbi lilileta mengine.

Ni sargazo. Mzanzibari asije akafikiria mwani wa Paje unaopandwa kwa kamba na kuanikwa. Huu unaelea wenyewe baharini, unasafiri kutoka katikati ya Atlantiki, na tangu 2011 umekuwa ukiingia Karibiani kwa wingi ambao haukuzoeleka. Kwa kawaida unasumbua zaidi kati ya Aprili na Agosti, ingawa unaweza kuanza mapema na kuchelewa kuondoka. Ukioza ufukweni unatoa gesi yenye ile harufu, na maji ya karibu yanageuka rangi ya chai.

Juu ya hapo kuna vimbunga. Msimu wake rasmi upande wa Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni Agosti hadi Oktoba. Wilma kiliipiga Cancún Oktoba 2005. Bei nazo zina msimu wake: Machi wanafunzi wa Marekani hushuka kwa maelfu, Wiki Takatifu kabla ya Pasaka Wameksiko wenyewe huhamia pwani, na kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya nyumba hupanda bei bila aibu.

Ukiyatoa yote hayo, unabaki na wiki mbili za mwanzo wa Desemba, kisha katikati ya Januari hadi Februari. Sisi tulichukua Desemba. Dosari yake moja ni upepo wa kaskazini unaoitwa *norte*, unaoingia siku moja au mbili na kuchafua bahari. Ukivuma kwa nguvu, mamlaka ya bandari huzuia boti ndogo kutoka. Kwa hiyo safari ya boti isiwekwe siku ya mwisho. Iweke mapema, ibaki siku ya kuihamishia.

Hatua ya nne: mahali pa kuweka kambi

Pwani hii iko jimbo la Quintana Roo, na maeneo yake makubwa yamefuatana kando ya barabara kuu namba 307. Cancún iko juu, kisha Puerto Morelos, Playa del Carmen, Akumal, na Tulum chini. Isla Mujeres na Cozumel ni visiwa.

Maoni yangu, na watu wa Tulum wanisamehe: msiweke kambi Tulum. Mji uko mbali na bahari kilomita kadhaa, teksi zake ni ghali, na ufukwe wenyewe umepangwa na hoteli zinazouza juisi kwa bei ya chakula cha mchana. Nendeni siku moja mkaone magofu ya Wamaya juu ya jabali, kisha mrudi.

Safari ya tatu, ile nzuri, tuligawanya. Usiku tatu Playa del Carmen, ambako kila kitu ni cha kutembea kwa miguu, na usiku tatu Isla Mujeres. Kisiwa hiki kina urefu wa kilomita saba hivi, na boti kutoka Puerto Juárez, upande wa Cancún, inafika kwa dakika ishirini. Ufukwe wake wa Playa Norte unatazama upande ambao sargazo kwa kawaida haufiki kwa wingi, na maji ni ya kina kifupi mpaka mbali. Unatembea, unatembea, bado yako kiunoni. Kwa kundi lenye watu wasiojua kuogelea, sijaona pazuri zaidi.

Jambo moja litamshangaza mtu wa Tanga au Mombasa: bahari hii haipwi. Kwetu maji yanapanda na kushuka mita tatu, nne, na unapanga siku yako kwa bamvua na maji mafu. Huku tofauti haifiki hata nusu mita. Unaingia saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, maji yako palepale.

Kuhusu hoteli za kila kitu ndani dhidi ya nyumba ya kupanga: kama mifuko yenu inatofautiana sana, hoteli inaondoa ugomvi wa bili kwa sababu kila mtu ameshalipa. Lakini mtakula chakula cha hoteli na kuwaona Wameksiko waliovaa sare tu. Mkichukua nyumba, lipieni ndani ya mtandao mlioikutia. Safari ya pili mwenye nyumba alituomba tulipe pembeni "kuokoa makato". Tulilipa, na vyumba vinne vikageuka vitatu na kochi. Hatukuwa na pa kulalamika.

Ukipata nyumba, piga picha za vyumba na mgawane vitanda kabla ya safari. Kitanda kikubwa chenye dirisha la bahari kina uwezo wa kuvunja udugu wa miaka kumi. Sisi tuliuza: anayekitaka aongeze dola sitini, na hizo zikaingia mfuko wa pamoja.

Hatua ya tano: daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Safari ya kwanza nilichanja kadi yangu kwa kila kitu nikisema tutahesabiana, na hadi Krismasi nilikuwa bado nadai watu, natuma meseji za upole zenye kikatuni cha mikono iliyofumbatwa.

Sasa tunafanya hivi. Bajeti ya mtu mmoja kwa usiku sita, bila tiketi ya ndege, ilikuwa dola 800: nyumba 300, chakula 240, usafiri wa nchi kavu na boti 80, matembezi 130, na 50 ya dharura. Ililipwa kwa awamu tatu, ya mwisho mwezi mmoja kabla. Mweka hazina si mimi niliyepanga safari. Ni dada mmoja katika kundi, mhasibu kwa kazi na kwa tabia, ambaye hacheki akiona risiti haipo.

Mkifika, kila mtu anatoa peso 2,000 kwenye pochi moja ya zipu. Humo zinatoka teksi, maji, bahashishi, matunda ya njiani. Pochi ikikauka, mnachanga tena sawa kwa sawa. Pombe haiguswi na pochi hiyo. Wanne kati yetu hawanywi, na hakuna sababu ya Muislamu kuchangia tekila ya mtu.

Alama ya peso ni ileile ya dola, $. Menyu ikisema $180 ni peso, msizimie. Lakini kwa waendesha boti na wauza mapambo ulizeni kabla, peso au dola? Lipeni kwa peso. Mashine ya kutolea pesa ikiuliza kama unakubali ikubadilishie kwa kiwango chake, kataa. Benki yako kwa kawaida ina kiwango bora. Tumieni mashine iliyo ndani ya benki, si ile iliyosimama peke yake kwenye kona ya baa.

Jimbo pia linatoza wageni ada iitwayo Visitax, tangu 2021, inayolipwa mtandaoni. Kuna tovuti za ulaghai zinazojifanya ndizo zenyewe na kuongeza bei, kwa hiyo hakikisheni mko kwenye ya serikali ya jimbo.

Hatua ya sita: kutoka uwanjani

Ukishapita forodha Cancún, utaingia ukumbi wenye watu wenye sare nadhifu na vibao, wanaokuuliza kwa upole hoteli yako ni ipi na kama usafiri wako umethibitishwa. Wengi wao wanauza hisa za vyumba vya likizo. Tabasamu, usisimame, toka nje moja kwa moja. Usafiri halisi unasubiri nje ya mlango.

Watu wanane mnakodi gari dogo la abiria mkiwa bado nyumbani, na dereva anasimama na jina lenu. Mkiwa wachache, basi za ADO zinatoka uwanjani hapohapo kwenda Playa del Carmen, safari ya kama saa moja, zina kiyoyozi kikali kiasi cha kuhitaji kitenge. Kati ya miji kuna *colectivo*, vigari vyeupe vinavyopita barabara ya 307. Huyu ni daladala kabisa, ni matatu: unapunga mkono, unapanda, unalipa ukishuka. Teksi hazina mita, bei inakubaliwa kabla mlango haujafungwa.

Gari la kukodi sisi tuliliacha. Bei ya mtandaoni inavutia, lakini mezani wanaongeza bima ya lazima ya kumfidia mtu wa tatu, na hesabu inageuka.

Saa nazo: Quintana Roo haibadilishi saa mwaka mzima. Kiangazi iko sawa na Houston, majira ya baridi iko mbele kwa saa moja. Mwenzetu mmoja alikosa boti ya asubuhi kwa saa hiyo moja.

Hatua ya saba: kula

Chakula kitawafurahisha kuliko mnavyotarajia, kwa sababu nusu mnakijua. *Agua de tamarindo* ni ukwaju. *Agua de jamaica* ni juisi ya rozela. *Coco frío* ni dafu, kasoro muuzaji wetu wa Forodhani angelifungua kwa mapigo matatu. Na pilipili ya habanero inayoitawala Yucatán, rasi yote hii, haina tofauti kubwa na pilipili mbuzi, ingawa mhudumu atakuonya kwa huruma. Muulize *¿pica?*, yaani kinawasha? Na ukiwa umekulia Pemba mwambie alete.

Wasiokula nguruwe wawe makini. *Cochinita pibil*, fahari ya eneo hili, ni nguruwe, na *al pastor* pia. Kinachoponyoka ni *manteca*, mafuta ya nguruwe, yanayotiwa kwenye maharage ya kuponda na tamale za unga wa mahindi bila kutajwa. Sentensi ya kukariri ni *sin puerco y sin manteca, por favor*. Samaki ndiyo njia salama: Isla Mujeres ulizeni *tikin xic*, samaki aliyepakwa rojo nyekundu ya achiote akachomwa kwenye jani la mgomba. Tulikula kwa mikono, juu ya mchanga, wanane, samaki wawili, na hakuna aliyesema neno kwa dakika kumi.

Maji ya bomba hayanywewi. Nyumba nyingi zina dumu la lita 20 liitwalo *garrafón*. Nunueni la pili siku ya kwanza. Bili haitaletwa mpaka muiombe, *la cuenta, por favor*, na msidhani wamewasahau. Kumletea mgeni bili bila kuombwa ni kumfukuza. Bahashishi ni asilimia 10 hadi 15.

Hatua ya nane: majini

Kabla ya safari muulize kila mtu ana kwa ana, si kwenye grupu: unajua kuogelea? Wengi wetu tumekulia pwani na hatujui, na mbele ya watu hakuna atakayekiri. Kwetu walikuwa watatu. Tukawapangia wenza, na kila boti tuliyopanda tulivaa jaketi za kuokolea wote wanane ili asionekane mtu.

Fukwe zina bendera. Kijani ingia, njano kwa tahadhari, nyekundu ni hatari, nyeusi usiguse maji. Upande wa Cancún unaotazama bahari wazi, kama Playa Delfines, ni mzuri wa picha lakini una mkondo unaovuta kwenda nje. Ukikunasa usipambane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo urudi. Ukichoka, elea chali na upunge mkono. Namba ya dharura ni 911, kama Marekani.

Fukwe zote Meksiko ni mali ya taifa kwa sheria. Hoteli ina viti na miavuli, haina mchanga. Tandikeni kanga zenu.

Wekeni siku moja ya *cenote*, yale mabwawa ya maji baridi ndani ya mawe ya chokaa, ambako maji ya mvua ya Yucatán hujificha kwa kuwa juu ya ardhi karibu hakuna mito. Sehemu nyingi mnaoga kwanza na hamruhusiwi losheni ya jua, maana maji hayo ndiyo yaleyale ya visima. Wenye nywele za kusuka wajue yanachukua siku nzima kukauka. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna papa potwe karibu na Isla Mujeres, walewale wa Mafia, ambao kwetu huonekana Oktoba hadi Machi. Desemba yetu hatukuwaona, tukaenda kwenye matumbawe ya Puerto Morelos kwa miwani na mrija.

Na weusi wa ngozi hauzuii jua la saa saba mchana. Mabega yangu ni shahidi.

Hatua ya tisa: ratiba yenye matundu

Jambo moja la pamoja kwa siku, basi. Anayetaka kulala alale, anayetaka kununua vikuku anunue. Chakula cha jioni mnakutana wote saa moja na nusu, na aliyechelewa analipia *marquesita*, vile vikaki vya kukunja vyenye jibini vinavyouzwa kwenye mikokoteni.

Hatua ya kumi: kufunga hesabu kabla ya kupaa

Usiku wa mwisho kaeni mezani na pochi. Mweka hazina asome risiti kwa sauti, kila deni lilipwe hapohapo kwa simu, na picha zote ziwekwe kwenye albamu moja, kwa sababu kesho kila mtu anarudi kwenye zamu zake. Dola hamsini za dharura hatukuzigusa, kila mmoja akarudishiwa zake. Kwenye pochi zilibaki peso mia tatu na arobaini. Dada mhasibu alizigawa kwa nane, akapata arobaini na mbili na nusu, akakosa sarafu za nusu, akatangaza kwamba hesabu haifungi. Tukamfuata muuza marquesita.